Mwasumini wa mamangu na maji ya israfu

Msomaji wangu, ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, jioni ya Alhamisi, Ijumaa inapokaribia kuingia, pua yako hutangulia macho yako. Kabla hujamwona mwenye sinia, umekwisha kujua kuwa mbele yako pana asumini. Kuna zilizotungwa kwa uzi, na kuna zilizoshonewa vikuba pamoja na rehani na mkadi. Mwanamume mzima aliyechoka na kazi za mchana hutoa sarafu zake, akafunga kifurushi chake cha jani la mgomba, akaenda zake nyumbani na uso uliokunjuka.

Leo nina azma ya kuzungumza nawe juu ya mti, wala si juu ya ua. Ua lenyewe washairi wetu wamelisifu hata limechoka kusifiwa, na mimi ni mmoja wa waliolichosha. Lakini ni wangapi katika sisi wasifu asumini wajuao kuutunza mwasumini ukasitawi? Mimi nilikuwa sijui. Na kutojua kwangu kuliniulia mti wa mamangu mzazi.

Marehemu mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mwasumini mmoja uani kwetu, hatua chache kutoka kisimani. Alikuja nao siku alipoolewa, ukiwa ni kitawi tu kilichofungwa katika kitambaa kibichi. Kila siku akimaliza kuswali Alasiri, alivuta kigoda chake akaketi chini yake na kuchuma matumba, yaani yale maua yaliyojaa na kuwa meupe lakini bado yamefumba. Asumini haichumwi iliyofunguka. Huchumwa alasiri ingali imefumba, ikatungwa, nayo hufunguka yenyewe giza linapoingia, na hapo ndipo harufu yake hutoka. Asubuhi yake huwa imekwisha kazi. Sisi watoto tuliporudi chuoni tulikuta matumba yamejaa ungo, na ole wake aliyeyatia mkono kabla ya kunawa.

Alipofariki, niliachiwa nyumba, vitabu vya baba, na mti ule.

Saruji mashinani

Miaka michache baadaye niliamua kuinua ukuta wa ua na kuongeza chumba, kwa kuwa watoto walikuwa wamekua na nafasi ilikuwa haitoshi. Mafundi waliuliza, "Tukoroge wapi saruji?" Mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki, niliwaonyesha pembe ya kisima. Wakakoroga pale, wakaoshea karai zao pale, na mabaki ya chokaa ya ukuta wa kale wakayamwaga pale pale, juu ya mizizi ya mwasumini. Kazi ilikwisha, ukuta ukapendeza, nami nikawashukuru.

Haikupita miezi mingi majani yakaanza kugeuka rangi. Machipukizi mapya yalitoka manjano, kama uso wa mtu aliyeamka na homa. Matumba yakapungua, kisha yakakoma.

Wakati huo huo binti yangu aliposwa, na arusi ikawekwa baada ya Ramadhani. Binti huyo alilelewa na nyanyake zaidi kuliko alivyolelewa na mimi. Hakutaka mengi. Aliniambia, "Baba, mimi dhahabu si shughuli yangu. Nataka koja la asumini za nyanya, basi." Hapo nilishikwa na hofu. Nikanunua mpira wa maji, nikawa naumwagilia mti ule asubuhi, adhuhuri na jioni. Kila jani lililoanguka niliongeza maji. Uani kwetu pakawa tope tupu.

Mti hauna kiu

Ndipo akaja shangazi yangu kutoka Lamu kutujulia hali. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hata ya kunywa kahawa, alitoka uani akauangalia mti. Akainama, akaingiza kidole chake udongoni hadi kifundo cha pili, akakitoa, akakinusa. Kisha akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "nani anayeutia maji mti huu?"

"Ni mimi, shangazi. Mara tatu kwa siku."

"Basi koma. Mti huu hauna kiu. Mti huu umezama."

Nilidhani ni maneno ya wazee. La hasha! Alikuwa amesema kweli tupu ambayo mabwana shamba huieleza kwa maneno marefu zaidi. Mizizi ya mmea huvuta pumzi kama sisi. Katika udongo mzuri, baina ya chembe na chembe mna nafasi ndogo ndogo za hewa. Maji yakimwagwa bila ya kupewa muda wa kushuka, nafasi zile hujaa, hewa hufukuzwa, na mizizi hukosa pumzi ikaoza. Na mizizi ikioza haiwezi tena kunyonya maji, hivyo majani hulegea kama ya mti wenye kiu. Mwenye mti akiona hivyo huongeza maji, na hilo ndilo humaliza kazi ya kuua.

Niliona haya. Chuoni mwalimu wetu alitufunza kwamba Mtume wetu, swalla Allahu alaihi wasallam, alikataza israfu ya maji hata katika kutawadha, na hata kama mtu yuko kando ya mto utiririkao. Hadithi hiyo nimeisomesha watoto wa mtaa zaidi ya mara moja. Kumbe huku nyumbani nilikuwa nikifanya israfu kila siku, nikiita mapenzi.

Chokaa na mti havipatani

Lakini maji hayakuwa ugonjwa peke yake. Nina rafiki aliyekuwa bwana shamba, sasa amestaafu. Nilimleta nyumbani. Yeye hakutazama udongo kwanza, alitazama majani.

"Manjano si moja," alinieleza. "Jani kuukuu la chini likiwa manjano tupu kisha likaanguka, mti una njaa ya mbolea au mizizi yake imelowa. Lakini jani changa la juu likiwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, basi mti umekosa madini ya chuma." Akachuma jani moja la juu akalishika mbele ya jua. Mishipa ilikuwa kijani kama ramani ya mito, na kilichobaki kilikuwa manjano.

Nikamuuliza, mbona udongo wetu ukose chuma? Akacheka. Chuma kimo, akasema, lakini kimefungwa. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe hayo hayo na kupigwa lipu ya chokaa iliyochomwa. Chokaa ikizidi udongoni, chuma hugeuka hali ambayo mizizi haiwezi kukinyonya, na mti hufa njaa huku chakula kiko mbele yake. Mwasumini hupenda udongo usio mkali, wenye uchachu kidogo au ulio kati na kati. Na saruji mbichi ni kali kuliko chokaa ya ukuta mkuukuu. "Huyu aliyekoroga saruji hapa," akasema rafiki yangu, "ameutilia mti wako sumu." Sikumwambia ni nani aliyewaonyesha mafundi mahali pale. Nadhani alijua.

Akaongeza jambo la tatu. Akaonja maji ya kisima chetu kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa na munyu. Visima vingi vya mjini kwetu viko karibu na bahari, na kadiri maji yanavyotekwa kwa wingi, ndivyo munyu unavyopanda. Munyu huunguza kingo za majani, zikawa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Wazee wetu walikuwa na majabia ya kukinga maji ya mvua. Sisi tumeyafukia majabia, na maji ya masika tunayaacha yateremke baharini, ingawa mji wetu hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka.

Je, basi haiwezekani kupanda kitu juu ya matumbawe? Yawezekana. Nenda Bamburi ukajionee. Pale palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe lisilo na jani. Mwaka wa 1971 Bwana René Haller alianza kujaribu miti pale, aina baada ya aina, na nyingi zikafa. Mvinje ni mmojawapo wa michache iliyokubali. Majani yake makavu yalipoanguka yalikaa bila ya kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo mweusi. Leo mahali pale ni msitu. Dawa ya mwamba, basi, ni majani yaliyooza, na subira.

Namna ya kuupanda

Haya ndiyo niliyojifunza kwa shangazi, kwa bwana shamba, na kwa makosa yangu. Nayaandika kwa mpango ili mwenye ua, na hata mwenye roshani tu, apate kuyafuata.

Kwanza, mahali. Mwasumini hutaka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini utapata majani mengi na maua machache. Ukuta wangu mpya uliuibia mti jua la asubuhi, nami sikufikiri. Ikiwa umezungukwa na maghorofa, panda katika chungu ukakiweke juu ya sakafu ya paa.

Pili, udongo. Chimba shimo la upana na kina cha kama nusu mita, uondoe mawe na vipande vya lipu. Jaza udongo mwekundu wa shamba mafungu mawili, samadi kuukuu ya mbuzi au ng'ombe fungu moja, na majani yaliyooza fungu moja. Samadi iwe imekaa hata haina harufu, maana mbichi huunguza mizizi. Usitie mchanga wa pwani, kwa sababu una chumvi na vipande vya kombe, na kombe ni chokaa vile vile. Ukikuta mwamba, usishindane nao: jenga kitalu kilichoinuka, au tumia chungu cha upana usiopungua sentimita 30, chenye matundu chini. Chungu kisicho tundu ni kaburi la mti.

Tatu, maji. Tumia kidole cha shangazi. Kikitoka kikavu hadi kifundo cha pili, tia maji, uyatie kwa utaratibu mpaka yashuke chini. Kikitoka na unyevu, ondoka. Wakati wa kaskazi jua likiwa kali, mti wa chunguni huenda ukahitaji maji kila siku, lakini wakati wa masika huenda usihitaji hata tone. Kinga maji ya mvua ukiweza.

Nne, tandaza majani makavu au makumbi ya nazi juu ya udongo, kimo cha vidole vinne, lakini yasiguse shina. Huzuia jua lisikaushe udongo, nayo yakioza huwa chakula. Ikiwa makumbi yalilowekwa baharini, yaoshe kwanza kwa maji matamu. Mti ulio na manjano ya kukosa chuma husaidiwa pia na dawa ya madini ya chuma iuzwayo katika maduka ya ukulima.

Tano, kukata. Hapa ndipo wengi huogopa. Mwasumini hutoa maua katika machipukizi mapya. Usipoukata, huwa kichaka cha vijiti vikuukuu. Msimu wa maua ukipungua, punguza thuluthi ya matawi, utie samadi kidogo. Baada ya majuma kadhaa utaona matumba.

Sita, wadudu. Ukiona nzi weupe wadogo chini ya majani, au vitu kama pamba katika vifundo vya matawi, au masizi meusi juu ya majani, jua wadudu wananyonya utomvu. Watazame na sisimizi wapandao shinani, kwani hao huwalinda wale wanyonyaji kwa ajili ya utamu wanaotoa. Tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, urushie chini ya majani wakati wa jioni, urudie baada ya juma moja. Kwa asumini za kuvaliwa na kulaliwa, dawa kali za sumu si za kukimbilia.

Mti unaokwenda mkono kwa mkono

Tulijitahidi. Tuliondoa udongo wenye saruji, tukatia mpya, tukapunguza matawi. Lakini shina la mamangu lilikuwa limekwisha oza kwa ndani. Shangazi alilikwaruza gome kwa ukucha, na chini yake palikuwa kahawia badala ya kijani. Akapanda juu, akakwaruza tena, akaendelea mpaka akakuta matawi mawili ya juu yangali na uhai. "Lete kisu," akasema.

Akakata vipande kumi na viwili, kila kimoja kirefu kama kiganja, chenye vifundo vitatu. Akaondoa majani ya chini, akavidunga katika chungu cha mchanga wa mto uliolowa kidogo, akakiweka kivulini. Hapo ndipo aliponiambia jambo nililokuwa silijui maisha yangu yote: mwasumini huu wa majumbani kwa kawaida hauzai mbegu. Wataalamu huuita Jasminum sambac, na asili yake ni Asia ya Kusini. Neno lenyewe yasmini ni la Kiajemi, likapita katika Kiarabu hata likatufikia. Wachina hulitia ua hili katika majani ya chai, na Ufilipino ililifanya ua la taifa mwaka wa 1934. Lakini popote ulipo, mti huu haukupelekwa na ndege wala na upepo. Ulikatwa kitawi na mtu, akapewa mtu mwingine, naye akampa mwingine. Kila mwasumini uuonao ni kipande cha mwasumini wa mtu.

Baada ya majuma sita, vipande saba vilikuwa na mizizi. Mti wenyewe ulikufa kabla ya Ramadhani. Niliung'oa kwa mikono yangu, na sioni aibu kusema kuwa nililia kama nilivyolia siku ya maziko ya mama.

Miche ile saba ilikuwa midogo mno kuzaa maua kwa arusi. Nilimwambia binti yangu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Si neno, baba," kwa sauti ambayo baba yeyote angelipenda asiisikie.

Siku ya arusi, baada ya Alasiri, mlango ulibishwa. Alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa pili, mtu mzima sana, ameshika sinia iliyofunikwa kwa leso. Akaifunua. Matumba ya asumini yalijaa hata kingo, meupe, yamefumba.

"Nimesikia mti wa mamako umekufa," akasema. "Haukufa. Mama alinipa kitawi chake mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mti uko kwangu. Hizi ni asumini za kwenu."

Msomaji wangu, sina la kuongeza juu ya usiku ule, ila kwamba binti yangu alivaa koja la asumini za nyanyake. Tumefunzwa na Mtume wetu kwamba apandaye mti, kikaliwa chochote katika matunda yake na mtu au ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Ua haliliwi. Lakini nilipomwona binti yangu amekaa ukumbini, niliamini kuwa mamangu huko aliko alikuwa na fungu lake.

Miche yangu miwili nimeipanda, mmoja uani na mmoja chunguni juu ya paa. Mitano nimeigawa kwa majirani, na kila mwaka nikikata matawi sitaki kuyatupa. Wewe nawe, ikiwa una mwasumini, usiuzungushie ukuta peke yako. Kata kitawi, mpe mwenzako, na umfundishe kidole cha shangazi. Nami nafunga kwa beti hili:

Mti ukiuzuia, uani ukaufumba,
Siku ukikufilia, utabaki na kuomba,
Watu ukiwagawia, kitawi hata chembamba,
Kesho utakurudia, na harufu ya kutamba.